Mwezi Haugawanywi kwa Kamba

Moraa binti yangu,

Mmekwenda Birongo na mama yako kumuaga nyanya yako, na najua mtachelewa, kwa sababu nyanya yako hamwachilii mtu kabla hajamlisha mara mbili. Mdogo wako Ombati amewafuata kwa ajili ya kuku, si kwa ajili ya kuaga. Nami nimefunga duka mapema, nimetoka Ogembo, na sasa nyumba nzima ni yangu na paka. Nimekaa kwenye meza hii tunayochezea Mwezi. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Ekegusii nakijua kwa mdomo, kwa kalamu kinanishinda, na Kiingereza changu utakicheka mpaka Thika.

Mambo ya kila siku sitayagusa. Mama yako ameshakueleza yote ya blanketi, sala, chakula na wanaume, na akikumbuka jingine atakupigia simu kabla basi halijafika Nakuru. Mimi nataka kukueleza jinsi ya kucheza Mwezi.

Usicheke. Jana nilipoliweka boksi la mchezo karibu na sanduku lako ulisema, "Tata, hiyo ni mchezo ya watoto, achia Ombati." Nimemuuliza Ombati. Amesema yeye ana simu. Kwa hiyo nimeshalipakia, liko chini ya blanketi, na ukilitoa nitalirudisha. Kile kijitabu cha maelekezo kilikuja kwa Kijerumani, na panya walikimaliza kabla hatujapata wa kututafsiria. Sheria tulizoelewa polepole kwa picha na kwa kucheza zimebaki vichwani mwetu tu, na kichwa changu hakizidi kuwa kipya, kwa hiyo bora niziandike.

Unatandika ubao katikati ya meza. Ni uso wa mwezi, wa kijivu, umepigwa miraba, na palipochorwa shimo hapajengwi. Katikati unasimamisha roketi. Kila mchezaji anachagua rangi na kuwapanga watu wake wa plastiki pale roketi iliposhuka. Vigae vya vyumba vyote vinaingia mfukoni: vya kulala, vya jiko, bustani, tangi la maji, mitambo ya jua. Zamu yako ikifika unatia mkono bila kuchungulia na kutoa vigae viwili. Kimoja unakijenga wewe na kumwingiza mtu wako mmoja. Kingine unampa mchezaji yeyote umtakaye, naye lazima akijenge papo hapo, kimfae kisimfae.

Kila kigae kina milango pembeni, na kila mlango umechorwa nusu. Ukijenga, lazima nusu ikutane na nusu nyingine, ya chumba chako au cha mwenzako, rangi si hoja. Zile shanga za bluu ni hewa. Hewa inatoka kwenye roketi peke yake, na inapita milangoni, chumba kimoja baada ya kingine. Ukitoa kigae chenye nyota unafunua kadi ya kimondo, na kadi inataja mstari utakaopigwa. Chumba chochote kwenye mstari huo kilichoshikwa na mlango mmoja tu kinang'oka na kurudi mfukoni. Kilichoshikwa na milango miwili au zaidi kinabaki. Mfuko ukiisha roketi inaondoka, na hapo mnawatazama watu wa rangi zote. Wote wakiwa na hewa, mnahesabu vyumba na mwenye vingi ameshinda. Mtu mmoja akikosa hewa, awe wa nani, hakuna aliyeshinda.

Hizo ndizo sheria. Sasa tulivyocheza sisi ni habari nyingine.

Shangazi yako alipotuma ule mchezo kutoka Ujerumani, wewe ulikuwa darasa la nne na Ombati alikuwa bado anakula chaki. Mimi ni mtu wa duka la vifaa vya ujenzi. Nauza saruji, misumari na mabati, na nilijiona ndiye pekee katika nyumba hii anayejua kujenga kitu. Nikautazama ule ubao mtupu, ardhi tupu isiyo na mwenyewe, na damu yote ya Kisii ikanipanda kichwani. Unakumbuka nilichofanya kwanza. Nilikwenda kuleta uzi wa katani.

Nikauvuta kutoka ukingo hadi ukingo, vile wazee walivyovuta kamba shambani siku ile walipotugawia mimi na baba yako mkubwa Onsongo ardhi ya babu yenu. Kila mtu nikampa kipande chake. Mama yako akauliza, "Mbona roketi iko kwako?" Nikamjibu kwamba lazima iwe kwa mtu fulani. Tukaanza kujenga, kila mtu ndani ya uzi wake, na akitokea wa kusogeza chumba karibu na mpaka tunampigia kelele: "Umeingia kwangu! Toa hiyo jiko yako kwa shamba yangu!" Na kile kigae cha pili, cha kumpa mwenzako, mimi nilikuwa nachagua kibaya kuliko vyote na kukutupia wewe. Ulikuwa unakipokea na kusema asante. Hiyo asante ilinifanya nione nimecheza kwa akili.

Jumamosi baada ya Jumamosi, jua likishazama na Sabato imeisha, tulikaa hapa na kuuana kwa kukosa hewa. Watu wangu tu ndio walioishi, na kwa sheria hata mimi sikuwa nimeshinda, ila hilo hatukulijua. Ombati alikuwa analia, anawalaza watu wake chini ya kikombe na kuwaombea. Mimi nikasema Wazungu wametengeneza mchezo mbovu.

Ni wewe uliyeona. Ulishika kigae, ukakigeuza, ukakigeuza tena. "Tata, hii mlango ni nusu. Nusu ingine iko kwa Mama." Nikakwambia milango yangu mimi ndiye ninayejua inaelekea wapi. Ukanitazama na yale macho ya shangazi yako ukasema, "Basi wewe utakuwa na nyumba kubwa na sisi tumekufa." Mama yako alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi nilinuna. Nilikusanya vigae nikafunga boksi, na wiki hiyo nzima hakuna aliyelitaja. Jumamosi iliyofuata uzi haukuwepo. Sikuuliza nani aliuondoa, na hakuna aliyeniambia.

Nakuandikia haya kwa sababu ule uzi niliacha kuuvuta mezani tu. Huko nje niliendelea kuuvuta.

Unaijua habari ya ule mgomba, lakini unaijua vile nilivyoisimulia mimi, kwa hiyo isikie upya. Shina lilikuwa la baba yako mkubwa, upande wake wa mpaka. Migomba haijui mpaka. Chipukizi lilipita chini ya ardhi likaibukia kwetu. Likakua, likazaa mkungu ambao mtu akiupita lazima ageuke. Asubuhi moja nikamkuta Onsongo anaukata. Kama ningekuwa na akili ningemwambia kaka, niachie kichane kimoja. Badala yake nilimfuata mpaka kituo cha kuuzia majani chai, watu wakiwa kwenye foleni na vikapu vyao, nikamwita ndugu yangu wa tumbo moja mwizi. Nilisema kwa sauti ya kuita ng'ombe.  Yeye aliweka kikapu chake kwenye mizani, akasubiri kipimwe, akaenda zake.

Mimi nikaenda kupanda ua wa michongoma. Niliziba ile njia yetu inayokatisha bomani kwake kwenda barabarani, na tangu hapo tunazunguka kijitoni, tunapanda ule mlima wa utelezi na magunia kichwani, mvua na jua. Wewe ulianguka pale na sare ya shule siku ya mtihani. Ulirudi kubadilisha nguo na hukunilaumu. Wazee walikuja kutupatanisha, wakala mboga ya chinsaga na ugali, wakaondoka wakisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Basi kila mtu akaenda kulima, na ule ua ukazidi kuwa mnene.

Sasa nifike kwa Kerubo.

Binti wa baba yako mkubwa anaishi Thika, ana chumba, ana kitanda cha pili, na amekuita kwa moyo mmoja. Anajua mji, anajua njia ya chuo chako, na amekaa huko peke yake muda wa kutosha kujua kwamba si vizuri. Na wewe ulikaa hapa mezani, ukamwambia mama yako mbele yangu, "Siwezi kukula chakula ya watu hawasalimii Tata. Nitatafuta kwangu." Ukaendelea kumenya viazi.

Nilifurahi. Mungu anisamehe, Moraa, nilifurahi. Nilijiona mtu mkubwa. Nilisema moyoni, huyu ni wangu kweli, huyu hawezi kunigeuka. Nikalala usingizi mzuri.

Asubuhi mama yako alikuwa anakamua ng'ombe, mimi nimeshika taa. Hakuinua kichwa. Akasema, "Hongera. Wengine wanarithisha watoto chai. Wewe umerithisha ua." Halafu akaniomba nisogeze taa. Nimebeba maneno hayo tangu siku hiyo. Nimeuza nayo saruji, nimekwenda nayo kanisani. Yamekataa kutoka kwa sababu ni kweli. Wewe una miaka yako yote mbele na unataka kwenda kukaa kwenye mji wa watu usiowajua, usiku ukiugua hakuna wa kukuchemshia maji, eti kwa sababu baba yako aligombea mkungu wa ndizi. Huo si uaminifu ninaoutaka. Nimeutafuta mwenyewe na sasa unanitisha.

Kwa hiyo ukifika kwa Kerubo, na nasema kwa Kerubo, si kwingine, utoe Mwezi kwenye sanduku jioni ya kwanza. Usimweleze sana. Watu wakielezwa sana wanachoka kabla hawajajenga chumba. Waache wafe mara moja, wataelewa wenyewe. Wenzake wa jirani wakiwepo, waiteni, mchezo ni mtamu mkiwa wanne. Atakuwepo mmoja anayejua kila kitu na anayetaka kushika mfuko; mpe mfuko, atatulia. Atakuwepo mmoja anayenyamaza kila mkipigwa na kimondo. Huyo ndiye wa kumpa kigae cha pili. Mimi nilichelewa sana kujua kwamba mchezo wote uko kwenye kile kigae cha pili. Ombati alikijua akiwa na umri wa kula chaki. Alikuwa ananipa kizuri chake kila zamu, nami nikidhani mtoto hajaelewa.

Na ukishindwa, shindwa kwa kelele, tania watu, sema wamekuibia. Usinune. Kununa umekuona kwangu, na unaweza, nimekuona ukikaza mdomo. Mtu anayenuna anafikiri anawaadhibu wenzake, kumbe wao wameshapika na kula na kulala.

Lakini hapa naona ninachofanya. Nakutuma ukabishe hodi kwa Kerubo na mimi mwenyewe sijabisha hodi kwa baba yake. Nakupa kazi yangu uifanye ukiwa na sanduku kichwani. Ngoja. Naiacha kalamu, natafuta panga.

Nimerudi. Mwandiko umeharibika kwa sababu ya miiba, utanisamehe. Michongoma ni kitu cha ajabu, kupanda ni rahisi kama kutukana, kung'oa ni habari nyingine. Sikung'oa yote. Nimekata pengo la kupita mtu na mzigo, palepale njia ilipokuwa, na matawi nimeyavuta upande wetu ili yasimsumbue mtu wa upande ule. Halafu nikapita mwenyewe, kabla akili haijanirudia.

Baba yako mkubwa alikuwa ameketi mlangoni anapukuchua mahindi. Nikamwamkia.  Mama yako mkubwa alinitolea kigoda, kisha akamwangalia mumewe, na kigoda kikabaki mkononi mwake.

"Nani amekata hiyo ua?" Onsongo akauliza.

"Ni mimi."

"Umetumwa na wazee?"

"Sijatumwa na mtu."

"Basi ni nini imekutoa huko leo?"

Nikamwambia. Nikasema Moraa anaondoka kesho, Kerubo ana nafasi chumbani, na mtoto anakataa kwa ajili yangu. Akapukuchua gunzi zima, akachukua jingine. "Kerubo aliniambia," akasema. "Alilia kwa simu. Aliuliza amemkosea Moraa nini."

 Nikasema yale niliyotakiwa kusema zamani. "Kaka, shina lilikuwa lako. Mkungu ulikuwa wako. Nilikuita mwizi, na wewe si mwizi."

Akaniangalia sasa. Amezeeka, Moraa. Tunaishi hatua chache na sikujua kwamba ndugu yangu amezeeka.

"Hiyo umesema hapa," akasema, "mbele ya mama Kerubo na kuku. Ile ingine ulisema kituo cha chai."

"Nitasema huko pia."

"Siku gani?"

"Siku ya kupima majani. Foleni ikiwa imejaa."

"Na sauti ile ile?"

"Sauti ile ile."

Mama yako mkubwa akaweka kigoda chini. Lakini hakuniambia nikae, na nikasimama. Kaka yangu akakung'uta makapi mapajani. Nilikuwa nimetazamia anikumbatie. Nilikuwa hata nimeandaa machozi. Akasema, "Msichana apite. Mama yake apite, na kijana pia. Wewe bado nakufikiria."

Nilihisi hasira inapanda, ile ile ya zamani, na nikaimeza. Ana haki. Alisubiri kikapu chake kipimwe huku watu wakimcheka, na mimi nataka anisamehe kabla mahindi hayajaisha. Nikamshukuru na kurudi. Kituo cha chai nitakwenda, hata kama watu watacheka wiki nzima. Akiendelea kunifikiria baada ya hapo, nitakwenda tena kubisha hodi. Hilo ni langu, usilipakie kwenye sanduku.

Nakupenda sana, mwanangu. Sijawahi kukwambia kwa mdomo na kesho sitaweza, mbele ya watu na makondakta, kwa hiyo lisome hapa mara mbili.

Asubuhi mkitoka, wewe na mama yako na Ombati mtapita kwenye pengo. Msalimie baba yako mkubwa kwa heshima, umwinamie. Mama yako mkubwa akikupa chai, kunywa hata kama umechelewa. Wakikupa kitu umpelekee Kerubo, kipokee kwa mikono miwili. Mimi nitazunguka kijitoni na sanduku lako begani. Ni mbali na kuna utelezi, kwa hiyo nitatangulia kukiwa bado giza. Usisimame penye ua kunitazama, wala usiseme hutapita bila mimi. Nakujua, utataka kusema. Pita. Mtanikuta barabarani, nimeshafika.

Tata